Nyumba za Mji na Watu wa Kipato Kidogo
Hotuba kwa watu wa Kisii na Nyamira



Zamani katika nchi ya Gusii mtu hakulipa kodi ya nyumba. Kijana alipotaka kuoa, alikata miti katika ardhi ya baba yake, majirani wakakusanyika kwa desturi ya risaga, wakajenga, kisha wakapewa chakula na pombe. Lakini mtu aendapo mjini huviacha nyuma vyote vitatu, yaani ardhi, miti na majirani. Huko hana budi kupata makao kwa fedha, na mshahara ukiwa mdogo, makao huwa mabaya.

Hiyo ndiyo sababu miji mingi ulimwenguni iliamua kujenga nyumba za kupangisha watu wa kipato kidogo. Mfano ulio karibu ni Nairobi. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 mji ule ulianzisha Pumwani, ukachukua peke yake kazi ya kupika na kuuza pombe kwa Waafrika, na faida ikatiwa katika mfuko wa huduma zao. Hivyo mnywaji, bila kujua, alilipia huduma za jirani yake.

Lakini kwa miaka mingi makao ya wafanyakazi yalikuwa vyumba vya wanaume peke yao. Mshahara ulikadiriwa kumtosha mtu mmoja tu. Mke na watoto walibaki nyumbani wakilima. Yaani shamba la Gusii ndilo lililolisha jamaa ya mfanyakazi, na mwajiri akaona mshahara wake unatosha. Katika miaka ya 1940 mji ulijenga Kaloleni kwa ajili ya watu na jamaa zao, pamoja na ukumbi na huduma nyingine. Mwaka 1954 kamati ya Bwana Carpenter ilisema wazi kwamba mshahara ukadiriwe kwa mahitaji ya jamaa nzima.

Kwa nini habari hiyo iwahusu watu wa Kisii na Nyamira leo? Kwa sababu shamba lile haliwezi tena kuubeba mzigo ule. Katika hesabu ya mwaka 2019 kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, na Nyamira 605,576. Ardhi haikuongezeka. Baba mwenye ekari nne na wana wanne humwachia kila mmoja ekari moja. Na wajukuu je? Wengi huingia mijini, Kisii, Nyamira, Keroka na Ogembo, si kwa kupenda, bali kwa kukosa pa kulima.

Kwa Katiba ya mwaka 2010, nyumba ni miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Tena iko Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024. Kwa sheria hiyo mwajiriwa hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri huongeza kiasi kilekile. Apataye shilingi 16,000 kwa mwezi hukatwa shilingi 240, na mwajiri hutoa 240, jumla 480. Sheria hiyo imetaja pia nyumba za jamii, zilizokusudiwa watu wenye kipato cha chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi.

Basi akatwaye fedha ana haki ya kuuliza mambo matatu. Je, nyumba itapewa mtu aliyekusudiwa, au mwenye uwezo ataichukua na kumpangisha maskini kwa bei ya juu? Je, kodi itakayolipwa itawekwa akiba ya kutengeneza mabomba na paa? Je, maji, zahanati na shule vitakuwa karibu? Naye mpangaji ana wajibu wake: kulipa kodi kwa wakati na kuutunza ua, kwa maana nyumba isiyolipiwa haitengenezwi.

Wazee husema, nyumba njema si mlango. Watu wasiridhike na kuta mpya; waingie ndani wakaone ni nani akaaye humo.