Rimoti Mbili, Ndege Moja

(Maongezi ya asubuhi, kama yalivyosomwa redioni. Somo: 1 Samweli 3:1–10)

  Mwenye Biblia na afungue Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 3, tangu mstari wa kwanza hata wa kumi. Asiye nayo karibu asihangaike, maana habari yenyewe aijua: ni ile ya mtoto Samweli aliyeitwa usiku.

Leo nataka kulijibu swali nililoletewa na mama mmoja wa Riruta Satellite. Ni mjane, naye auza mboga kando ya Barabara ya Naivasha. Alinijia baada ya ibada akasema, "Mchungaji, nisaidie. Kijana wangu alimaliza kidato cha nne, huu ni mwaka wa tatu, kazi hana, na sasa amegeuka kuwa mtoto tena. Anatengeneza ndege. Juzi nilimpa shilingi elfu mbili na mia tano za unga na za kupunguza deni la nyumba, akarudi na betri. Nimeazimia kuitia hiyo ndege motoni. Je, nitakuwa nimekosa?"

Nikamwambia, "Mama, usiichome bado. Nipe wiki moja nije niione."

Basi nilikwenda. Nyumba ni chumba kimoja cha mabati, kitanda huku na jiko huku, pazia katikati. Ndege ilikuwa imetundikwa msumarini juu ya kitanda cha kijana. Mabawa yake yalikuwa marefu kuliko mkono wangu, yamekatwa kutoka katika ule ubao mweupe mwepesi ambao madukani hufungia televisheni, na ndani yake kijana amepitisha fito nyembamba za mwanzi ili yasivunjike. Mota na rimoti alizitafuta kidogo kidogo kwa wauzaji wa Luthuli Avenue, nyingine kuukuu, nyingine zimetolewa katika vitu vilivyoharibika. Nilipomwuliza inafanyaje kazi, kijana ambaye mamaye alisema hazungumzi siku hizi, alizungumza saa nzima.

Alinieleza hivi. Rimoti ina vijiti viwili. Ukikivuta kimoja kuja kwako, mawimbi yatoka katika antena, yaingia katika kipokezi kidogo kilicho tumboni mwa ndege, nacho chaamrisha mota ndogo iliyofungwa waya mwembamba hata mkiani. Kibawa cha mkia chainuka, na pua ya ndege yapanda. Kijiti kingine ni cha nguvu za mota na usukani. Kabla ya kurusha, yampasa aishike ndege kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, karibu na robo au theluthi ya upana wa bawa kutoka mbele, aone kama imelala sawasawa. Ikiwa pua ni nzito, itaruka kwa uvivu. Ikiwa mkia ni mzito, hapo ni hatari, kwa kuwa haitamtii mtu. Kisha akanionya juu ya jambo ambalo huwaangusha karibu wote wanaoanza: ndege ikienda mbali nawe, kulia kwake ni kulia kwako, ikigeuka kukujia, kulia kwake kumekuwa kushoto kwako. Mikono iliyojifunza upande mmoja yapaswa kujifunza tena, na nafasi ya kufikiri ni kufumba na kufumbua.

Mchezo huu si wa jana. Mwaka wa 1937 ndugu wawili mapacha wa Marekani, Walter na William Good, walirusha ndege ndogo waliyoiita Guff, ikaongozwa kwa mawimbi ya redio kutoka chini. Hata leo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho kule Marekani. Miaka mingi baadaye kila mtu aliyerusha ndege ya namna hii alikuwa na kipande cha kristali ndani ya rimoti, kilichompa mita yake, kama vile stesheni hii mnayoisikiliza ilivyo na mita yake. Watu wawili wakisimama uwanjani na mita moja, ilikuwa balaa. Mmoja asema kushoto, mwingine asema kulia, na ndege maskini yasikia yote mawili kisha yaanguka. Ninyi wazee mnakumbuka stesheni mbili zilivyoingiliana usiku katika redio zetu za zamani, taarifa ya habari ikachanganyika na muziki wa nchi nyingine. Kwa hiyo kwenye viwanja vyao waliweka ubao wenye vibanio vya nguo, na kila kibanio kiliandikwa mita yake. Asiyekuwa na kibanio mkononi haruhusiwi kuwasha.

Siku hizi mambo yamebadilika. Kila rimoti ina namba yake, na kipokezi hufundishwa namba hiyo siku ya kwanza kabisa, kabla ya kuruka. Tangu hapo waweza kuwa na rimoti kumi uwanjani zikisema pamoja, nacho chaitii ile moja tu.

Sasa twende kwa Samweli. Mtoto amelala hekaluni, asikia sauti ikimwita kwa jina lake. Kipokezi chake ni kizima, masikio yasikia vizuri. Lakini Biblia yasema wazi kwamba alikuwa bado hajamjua Bwana, na kwa hiyo alifikiri aitwaye na Eli. Akaondoka mbio. Eli akasema hakumwita, arudi akalale. Mara ya pili vivyo hivyo, na mara ya tatu vivyo hivyo. Mtoto huyu hakuwa mkaidi, wapendwa. Alikuwa mtiifu mno, akiamka usiku mara tatu bila kunung'unika! Alikosa mtu wa kumwambia sauti ile ni ya nani.

Nataka tumtazame Eli kidogo, kwa maana wahubiri wengi humpita haraka. Alikuwa mzee, macho yake yameanza kupofuka. Katika nyumba yake mwenyewe alikuwa ameshindwa. Wanawe waliiba sadaka na kutenda machafu, naye hakuwazuia ipasavyo, na Mungu alimhukumu kwa ajili hiyo. Lakini usiku ule alifanya jambo moja jema. Hakumkemea Samweli kwa kumsumbua usingizini. Hakusema, "Mtoto huyu amerukwa na akili." Alitambua kwamba ni Bwana anayemwita kijana, akamfundisha maneno ya kujibu, akamrudisha akalale peke yake. Mzee asiyeona vema alimwongoza mtoto mwenye macho mazima.

Jambo hili lanikumbusha mzee mwingine. Maynard Hill wa Marekani alikuwa fundi wa ndege hizi ndogo maisha yake yote. Alipofika umri wa miaka 77 alikuwa karibu kipofu, na masikio yake yalikuwa mazito. Hata hivyo alitaka ndege ndogo ivuke Bahari ya Atlantiki. Ndege zake kadhaa zilipotea baharini. Tarehe 9 Agosti 2003 yeye na wenzake walirusha nyingine kutoka Cape Spear, pwani ya Kanada. Ilikuwa ya mti mwepesi uitwao balsa, na pamoja na mafuta yake yote haikufika kilo 5. Ikishapaa, chombo kidogo ndani yake kilishika njia kwa kusikiliza setilaiti za angani (si Satellite yetu hii ya Riruta). Ilisafiri zaidi ya saa 38, kilomita zipatazo 3,030, usiku na mchana. Tarehe 11 Agosti ilitokea juu ya pwani ya Ayalandi, na mwenzake Hill, Dave Brown, aliyekuwa akingoja huko na rimoti mkononi, akaichukua na kuishusha majanini. Mzee hakuweza kuiona ndege yake ikiruka, wala hakuwa Ayalandi ilipotua. Aliitengeneza, akaikabidhi kwa macho ya mwingine.

Nilimwuliza yule kijana wa Satellite, "Nani alikufundisha?" Akajibu, "Hakuna, Mchungaji. Naangalia kwa simu." Ndege hiyo ilikuwa ya tano. Nne zilianguka.

Kumbe kuna njia nyingine ya kujifunza, aliijua lakini hakuwa nayo. Katika vyama vya warushaji, anayeanza hapewi ndege peke yake. Rimoti yake huunganishwa na rimoti ya mwalimu, zamani kwa kamba, siku hizi hata bila kamba. Rimoti mbili, ndege moja. Mwalimu hushika kitufe kimoja kwa kidole. Akikibonyeza, ndege iko mikononi mwa mwanafunzi. Akikiachilia, ndege yamrudia mwalimu mara hiyo. Mwanafunzi hukosea, pua yaelekea chini, mwalimu aachilia kidole, aisawazisha, ampandishia juu tena, kisha asema, "Haya, shika." Mwalimu mwema haishiki ndege wakati wote, kwani mwanafunzi hatajifunza kamwe. Tena hasemi naye kuhusu mpira huku ndege iko hewani. Kidole chake kiko pale.

Ndugu wazee wa kanisa, nawauliza ninyi hasa. Tunao vijana wangapi katika Kawangware, Kibera, Kabiria na Waithaka ambao mikono yao inatafuta kitu cha kufanya? Tukiwaona na ndege za ubao mweupe twasema wanacheza. Tukiwaona wamekaa kwenye kona twasema ni wezi. Katika ushirika wetu wamo mafundi wa umeme, wamo waliofanya kazi miaka mingi katika karakana za ndege pale Wilson, wamo waashi na makanika. Ndege ndogo zinazotua na kuondoka Wilson twaziona kila siku juu ya paa za Kibera. Kiwanja hicho kilipewa jina la Bibi Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha kampuni ya ndege hapa Nairobi mwaka wa 1929. Ndege za misheni, za MAF na za AIM AIR, zimetoka hapo miaka mingi kupeleka dawa na kuleta wagonjwa kutoka mahali pasipo na barabara. Kila rubani wa hizo aliwahi kukaa kiti cha pili, mwalimu akiwa na usukani wake kando. Sisi twawadai vijana waruke sawasawa, na rimoti ya pili hatujaishika.

Sasa nimjibu mama, maana najua anasikiliza.

Mama, kutengeneza ndege si dhambi. Bwana aliyewajaza watu wa Musa hekima ya kuchonga na kufuma ndiye awapaye vijana wetu vidole vyepesi. Lakini pesa za unga ni pesa za unga. Nimekwisha kusema na kijana mbele yako, naye amekubali kuzirudisha. Ameanza kutengeneza redio na taa za majirani kwa malipo madogo. Si kazi ya kumtosha mtu, wala sikudanganyi kwamba ni hiyo uliyomwombea. Ila deni alilipe yeye, usimlipie.

Pili, betri ile. Hili nalisema kwa wazazi wote. Betri za aina hiyo ni nyepesi na zina nguvu nyingi, nazo zikijazwa kupita kiasi zaweza kuwaka moto. Kila seli yake haipaswi kupita volti 4.2, na chaja yake ni ya namna yake. Chaja ya kubahatisha ni hatari. Ikivimba, isitumiwe tena. Isijazwe usiku watu wamelala, wala kitandani, wala karibu na jiko. Katika nyumba zetu za mabati zilizoshikana, moto wa chumba kimoja ni moto wa ploti nzima. Kijana amenionyesha sufuria kuukuu anamoiweka nje mlangoni inapojazwa, naye hukaa kando yake.

Tatu, kuna serikali. Tangu mwaka wa 2020 zipo kanuni juu ya vyombo vya anga visivyo na rubani, na sisi tuko karibu na njia za ndege zenye watu ndani. Kabla ya kurusha, kijana aende akaulize kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya ni nini anachoruhusiwa na wapi. Ndugu mmoja wa ushirika wetu, fundi aliyestaafu, amejitolea kwenda pamoja naye siku ya Jumanne.

Na la mwisho, Mama. Kijana aliniambia ya kuwa hujawahi kumwuliza ndege inafanyaje kazi. Hakusema kwa kulaumu. Jioni ya leo, ukishafunga meza yako ya mboga, mwulize. Keti, maana maelezo ni marefu.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyemwita Samweli kwa jina, wakumbuke vijana wa Riruta, Kawangware na Kibera walioamka leo bila kazi. Uwape akina mama wao unga wa leo. Walinde marubani walio hewani asubuhi hii. Wapelekee watoto wetu wazee wenye subira, hata kama macho yao yamefifia. Twaomba katika jina la Yesu. Amina.