Kiti cha Waziri na Kaunta ya Kituo

Hotuba ya Afisa Uhusiano wa Polisi katika baraza la raia na polisi, Siku ya Wanawake, Busia, Uganda



Nimeombwa niseme machache juu ya wanawake walioshika nyadhifa za juu katika Baraza la Mawaziri la nchi yetu. Nilipokuwa nikiandaa maneno haya, askari mmoja kijana aliniuliza, "Afande, mambo ya mawaziri yanatuhusu nini sisi, zaidi ya kuwafungulia njia na kuwapigia saluti?" Nilimwahidi kwamba nitamjibu hapa, mbele yenu. Yupo pale nyuma, ananisikiliza.

Nianze na lile ambalo sote tunalijua. Mwezi Juni mwaka 2021, Jessica Alupo wa Katakwi, mwanamke aliyepitia ualimu na jeshi, aliapishwa kuwa Makamu wa Rais. Mwezi huo huo Robinah Nabbanja wa Kakumiro akawa mwanamke wa kwanza kuwa Waziri Mkuu wa Uganda. Rebecca Kadaga, aliyekuwa Spika wa Bunge kwa miaka 10, akateuliwa kuwa Naibu Waziri Mkuu wa Kwanza na Waziri wa Mambo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, wizara ambayo sisi watu wa mpakani tunaisikia kila siku katika bei ya samaki na nafaka. Na Judith Nabakooba, ambaye zamani alikuwa Msemaji wa Polisi ya Uganda, yaani aliifanya kazi hii hii ninayoifanya mimi, akapewa Wizara ya Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Miji.

Haya hayakuja yenyewe. Katiba ya mwaka 1995, katika kifungu cha 33, inasema kwamba wanawake watapewa hadhi kamili na sawa na ya wanaume. Kifungu cha 78 kinaitaka kila wilaya iwe na mbunge mwanamke. Wengi wa mawaziri hawa waliingia Bungeni kwa mlango huo, kisha wakaonekana wanaweza kubeba mzigo mkubwa zaidi.

Lakini sikuja kuwasomea orodha ya vyeo. Nataka nizungumzie wanawake watatu waliowatangulia hawa, kwa kuwa kila mmoja wao ana jambo la kutufundisha sisi tunaovaa sare.

Wa kwanza ni Elizabeth Bagaya, binti wa mfalme wa Toro. Alisomea sheria Uingereza, na mwaka 1974 akawa mwanamke wa kwanza kushika Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi yetu, chini ya utawala wa Idi Amin. Kabla mwaka huo haujaisha alikuwa amefukuzwa. Hakutuhumiwa kwamba alishindwa kazi, wala kwamba aliiba fedha za umma. Alizushiwa mambo ya aibu juu ya mwili wake na heshima yake, na uzushi huo ukatangazwa kwa watu. Ilimbidi aikimbie nchi.

Angalieni jinsi jambo hilo lilivyofanyika. Mwanaume akikosana na wakubwa, husemwa kazi yake. Mwanamke akikosana nao, husemwa mwili wake. Na sisi je? Mwanamke anapofika kituoni kushtaki kwamba ameporwa au amevamiwa njiani, ni mara ngapi swali la kwanza limekuwa, "Ulikuwa umevaa nini? Ulikuwa unatoka wapi saa zile?" Huo ni uzushi ule ule wa mwaka 1974, ila umevaa kofia ya askari.

Wa pili ni Betty Bigombe. Mwaka 1988 alipewa uwaziri wa nchi wa kuituliza Uganda ya Kaskazini, wakati vita vikiwaka. Walikuwako waliocheka kwamba mwanamke ametumwa kuzima moto wa risasi. Yeye akaenda kukaa Gulu. Akaketi na wazee, na akina mama, na watu waliokuwa wameichukia serikali, akawasikiliza kabla ya kuwaambia lolote. Mwisho wa mwaka 1993 aliingia msituni kukutana ana kwa ana na Joseph Kony. Amani ilikaribia. Mwezi Februari mwaka 1994 waasi walipewa siku 7 wajisalimishe, na mazungumzo yakavunjika. Hata hivyo, miaka 10 baadaye alirudi kujaribu tena.

Sitaki kuingia katika siasa za vita vile. Nataka tu tuone silaha aliyoitumia, nayo ni kusikiliza. Nasi silaha hiyo tunayo. Haihitaji ghala wala ufunguo, lakini inabaki kituoni ikiota kutu.

Wa tatu ni Daktari Specioza Wandira Kazibwe, daktari wa upasuaji kutoka Busoga, jirani zetu hapa. Aliingia serikalini akiwa naibu waziri mwaka 1989, akawa waziri kamili, na mwezi Novemba mwaka 1994 akateuliwa kuwa Makamu wa Rais. Alikishika cheo hicho hadi mwaka 2003. Mwaka 2002, akiwa bado katika kiti hicho, alisema hadharani kwamba aliachana na mume wake kwa sababu alikuwa akipigwa.

Nchi nzima ilishtuka. Wako waliomlaumu kwa kutoa siri za nyumbani. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini siku zile wengi wetu tulitaka mama yule afiche.

Hapa naomba mnivumilie, maana sasa nazungumza habari zangu mwenyewe. Nimeomba ruhusa ya mkuu wangu kuyasema haya, naye ameniruhusu.

Mwaka 2002 nilikuwa konstebo kijana, nikifanya zamu ya usiku katika kaunta ya kituo ambacho sitakitaja. Usiku mmoja aliingia mwanamke akiwa na mtoto mgongoni. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba hata hawezi kuuinua. Alisema amepigwa na mume wake, na kwamba haikuwa mara ya kwanza. Habari za Makamu wa Rais zilikuwa bado mpya, kila redio ikizizungumzia. Nami, kwa ujinga wangu, nikamwambia, "Mama, rudi nyumbani mkae na wazee. Hata Makamu wa Rais anapigwa, sembuse wewe?"

Mwenzangu wa zamu akacheka. Nami nikacheka. Mwanamke yule hakubishana nami. Aliukaza mbeleko wa mtoto kwa mkono mmoja, akatoka gizani. Sikuandika neno lolote katika kitabu cha kituo.

Baada ya wiki tatu aliletwa hospitali kwa baiskeli. Alipona, lakini jicho lake la kushoto halikuona tena. Kesi ilipofika mahakamani, aliulizwa kwa nini hakuwahi kutoa taarifa polisi kabla ya siku ile. Akajibu, "Nilikwenda." Akaambiwa kwamba kitabu cha kituo hakina jina lake. Nilikuwa nimeketi katika benchi la nyuma kwa sababu ya kesi nyingine. Nilisikia kila neno. Sikusimama.

Mshtakiwa alitiwa hatiani kwa nguvu ya ripoti ya daktari. Lakini mama yule alitoka mahakamani akiwa amefanywa mwongo mbele ya watu, na aliyemfanya mwongo ni mimi. Nimeishi na jambo hilo zaidi ya miaka 20. Leo ndiyo mara ya kwanza nalisema mbele ya watu.

Ndugu zangu, nimelifikiri sana neno lile nililomwambia. Nilikuwa nimesikia habari ya kweli, nikaielewa kinyume. Daktari Kazibwe hakusema yale ili wanawake wengine wavumilie. Alitufundisha kwamba cheo hakizuii kofi. Daktari wa upasuaji, waziri, mtu wa pili katika nchi, mwenye walinzi mlangoni, bado aliweza kuumizwa ndani ya nyumba yake. Basi kama kiti kikubwa namna ile hakikumlinda, mwanamke wa kijijini atalindwa na nini? Atalindwa na sheria, na jirani asiyenyamaza, na askari wa kaunta anayechukua kalamu akaandika. Mimi nilikuwa kalamu ile, nami nikakataa kuandika.

Siku zile kulikuwa na watu wakisema hapana sheria mahsusi ya mambo ya nyumbani. Ingawa kumpiga mtu lilikuwa kosa hata wakati huo, leo hatuna pa kujificha kabisa. Tunayo Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya mwaka 2010. Sheria hiyo haihusu ngumi peke yake. Inahusu pia matusi na vitisho, udhalilishaji wa kijinsia, na ukatili wa mali, kama kumnyang'anya mtu mapato yake au kumnyima matumizi ya lazima. Akina mama wa sokoni, mnanielewa. Inamlinda mwanamke, inamlinda mtoto, na inamlinda mwanaume pia, maana wako wanaume wanaoumia wakiona haya kusema.

Chini ya sheria hiyo, mtu aliyeumizwa anaweza kupeleka malalamiko kwa mahakama ya halmashauri ya kijiji, kwa polisi, au kwa hakimu. Hakimu anaweza kutoa amri ya ulinzi ya kumzuia mkosaji asimsogelee. Na askari ana wajibu, si hiari, wa kumsaidia mlalamikaji apate matibabu, apate mahali salama ikihitajika, na kumweleza haki yake ya kufungua mashtaka.

Naomba mshike mambo haya. Aliyejeruhiwa hupewa Fomu ya Polisi namba 3 aipeleke kwa daktari. Aliyebakwa au kunajisiwa hupewa fomu namba 3A. Fomu hizo haziuzwi. Ulipofanyiwa ukatili wa kimwili usikawie, na usifue nguo ulizokuwa umevaa, kwa sababu ni ushahidi. Unapotoa taarifa, omba namba ya kumbukumbu iliyoandikwa kitabuni, uitunze. Askari akikwambia rudi nyumbani, mwombe kwa adabu umwone mkuu wa kituo, au afisa wa Kitengo cha Ulinzi wa Mtoto na Familia. Kwa dharura piga 999. Kwa habari za mtoto piga 116. Simu hiyo haina malipo.

Wenyeviti wa vijiji, nanyi nina neno. Kusuluhisha ni jambo jema, na wazee wetu wana hekima. Lakini mkono uliovunjika hausuluhishwi kwa mbuzi, na mtoto aliyenajisiwa hana suluhu ya ukoo. Kesi za namna hiyo mzilete kwetu siku hiyo hiyo.

Vijana wa boda boda, ninyi ndio mnaopita usiku. Mkimbeba mama anayevuja damu, msimpeleke kwao kwanza kwa kuogopa kuandikisha maelezo. Mleteni kituoni au hospitalini. Kutoa ushahidi si kukamatwa.

Askari wenzangu, nawaombeni mambo matatu tu. Mpeni kiti kabla ya kumuuliza swali. Msikilizeni hadi amalize. Kisha andikeni, hata kama anasema atayamaliza nyumbani. Jina lililoandikwa kitabuni halimdhuru asiye na kosa, lakini jina lisiloandikwa laweza kumnyima haki aliyeumia.

Sasa nimjibu yule askari kijana. Uliniuliza mawaziri wanawake wanatuhusu nini. Wametuhusu kwa namna hii: nchi imeshasema, kwa katiba na kwa uteuzi, kwamba mwanamke anastahili kukaa mezani pale maamuzi makubwa yanapofanywa. Neno hilo linapimwa hapa chini. Msichana wa Busia akimwona Waziri Mkuu mwanamke katika televisheni, anaambiwa, "Nawe una thamani." Akija kaunta yetu kesho yake akiwa ameumizwa, nasi tukamcheka, tumemwambia kwamba aliyoyaona jana ni mapambo. Mpigie waziri saluti, kijana wangu, ni wajibu wako. Ila saluti hiyo itakuwa ya kweli pale tu utakapomvutia kiti mama asiye na jina wala mlinzi.

Yule mama wa mwaka 2002 sijui kama yu hai. Kama yupo na maneno haya yakamfikia, namwomba radhi. Ulikuja, mama. Nilikuwapo. Ulisema kweli.

Kwa Mungu na nchi yangu.