Kuta za Zamani, Mashini Mpya
(Hotuba kwa wanachama, Mau Narok)



Nimeombwa niseme juu ya majengo ya zamani ya Egerton, hapo Njoro, na mafundisho ya uinjinia ya siku hizi.

Mwaka 1939 Lord Maurice Egerton alitoa eka 740 kwa skuli ya ukulima. Ilikuwa ya vijana wa Kizungu tu. Baada ya mwaka 1958 mlango ukafunguliwa kwa watu wa kila rangi, na mwaka 1987 ikawa chuo kikuu. Leo watoto wetu husoma uinjinia pale.

Wako wasemao: bomoeni, mjenge upya. Mimi sikubali. Sisi wa reli twajua kuwa behewa lenye chasi nzima halitupwi, hutengenezwa. Jengo Kuu la Makerere, lililomalizika mwaka 1941, liliungua Septemba 2020. Likajengwa upya kwa sura yake ya zamani, likafunguliwa tena mwaka 2024.

Lakini kupaka rangi si kutengeneza. Chumba kilichojengwa kwa madawati na ubao hakitoshi. Mashini ya kukereza chuma yataka sakafu nene ya zege isiyotikisika. Yataka umeme wa fezi tatu, na waya wa kwenda ardhini, ili mwanafunzi asiuawe. Mahali pa kuchomelea pataka njia ya kutolea moshi. Kompyuta zataka chumba kisicho na vumbi.

Basi, kazi ya namna hii ikianza, chama kidai mambo matatu.

Kwanza, usalama. Mapaa mengi ya zamani ni ya asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Ugonjwa huweza kutokea baada ya miaka ishirini au zaidi, wakati kontrakta ameshakwenda zake. Mabati hayo yaloweshwe maji, yasivunjwe, na kila mtu apewe kinyago cha kufaa.

Pili, waashi na mafundi wa umeme wa hapa waandikwe kwa mkataba, na wanafunzi wajifunze kwao kazini.

Tatu, karakana ikimalizika, ifunguliwe jioni kwa wafanya kazi.

Ndugu zangu, mawe yale hayakujipandisha yenyewe ukutani. Aliyeyabeba hakuruhusiwa kusoma ndani. Mjukuu wake asome, na fundi atakayelitengeneza jengo arudi kwake na mapafu mazima.