Fedha za Kazi za Kawaida na Fedha za Maendeleo: Funzo la Mji wa New York

(Maelezo yaliyotolewa kwa watumishi wa Serikali, Masheha na wananchi)





Kila mwaka, tarehe 1 Julai inapokaribia, mazungumzo ya barazani hugeuka kuwa ya bajeti. Wananchi husikia mafungu mawili yakitajwa, moja la kazi za kawaida na la pili la kazi za maendeleo. Aghalabu msikilizaji hudhani kuwa huo ni mgawanyo wa makarani, uliowekwa ili kurahisisha hesabu. Sivyo hata kidogo. Huo ni mpaka, na mji unaouvuka hulipia, hata uwe tajiri namna gani. Mfano ulio wazi ni wa New York, mji mkubwa kuliko yote Marekani, ambao mwaka wake wa fedha nao huanza tarehe 1 Julai.

Fungu la kazi za kawaida ni mshahara wa mwalimu, mafuta ya gari la taka, dawa za hospitali na karatasi za ofisi. Vitu hivi hutumika vikaisha, na hulipiwa kwa kodi na ada za mwaka ule ule. Fungu la maendeleo ni daraja, skuli, au bomba kubwa la maji. Kwa kuwa vitu hivyo hudumu miaka 30 au 50, si dhulma mji kukopa, na wale watakaovitumia baadaye wakalipa sehemu yao. Hata hivyo muda wa mkopo usizidi umri wa kitu chenyewe. Mvuvi akikopa kununua dau, dau litamsaidia kulipa. Akikopa kununua mchele wa leo, kesho mchele umekwisha, deni lipo, na watoto wana njaa vile vile.

New York ilikopa kwa ajili ya mchele. Tangu miaka ya 1960 viwanda na watu wenye kipato walikuwa wakiuhama mji, ilhali gharama za huduma zikipanda. Badala ya kupunguza matumizi au kuongeza kodi, mambo ambayo hakuna mwanasiasa ayapendaye, wakuu wa mji walianza kuhamisha gharama za kila siku na kuziandika katika fungu la maendeleo, ambako ziliweza kulipiwa kwa mkopo. Kufikia mwaka wa fedha wa 1975, gharama za namna hiyo zilikuwa takriban dola milioni 700. Juu ya hayo, mji uliuza hati za mikopo ya muda mfupi kwa kutegemea mapato ambayo mengine hayakuwa na hakika ya kupatikana, kisha ukakopa tena ili kulipa yale ya mwanzo. Mikopo hiyo ya muda mfupi ilifika karibu dola bilioni 6. Mabenki, ambayo kwa miaka mingi yalikuwa yakipata faida kwa kuziuza hati hizo, mwaka 1975 yalikataa kuendelea.

Siku iliyokumbukwa zaidi ni tarehe 17 Oktoba 1975. Deni lililotakiwa kulipwa siku hiyo lilikuwa dola milioni 453, na fedha zilizokuwamo hazikuzidi dola milioni 34. Mji uliponea chupuchupu, pale viongozi wa chama cha walimu walipokubali, saa za mwisho, kutoa dola milioni 150 za mfuko wa pensheni wa walimu ili kununua hati za mkopo za kuuokoa mji. Yaani akiba ya uzee ya mtumishi ndiyo iliyoziba pengo la hesabu. Tarehe 29 mwezi huo Rais Gerald Ford alitangaza kuwa Serikali Kuu haitaunga mkono kuusaidia mji. Baadaye, mwezi wa Disemba, alitia saini sheria ya kuukopesha hadi dola bilioni 2.3 kwa mwaka, kwa masharti. Bodi maalumu ya Jimbo ilikwisha kuwekwa kusimamia fedha za mji, na Meya hakuweza tena kuamua peke yake. Maelfu kwa maelfu ya watumishi walipoteza kazi. Chuo Kikuu cha mji, ambacho chuo chake cha kwanza kilianzishwa mwaka 1847 kwa kusomesha bila ya malipo, kilianza kutoza ada mwaka 1976.

Watu wengi wanaposimulia kisa hiki huishia hapo. Lakini hasara kubwa zaidi ilikuwa kimya, nayo ni ile ya matunzo. Dalili ilikwisha kuonekana tarehe 15 Disemba 1973, pale sehemu ya barabara ya juu iliyopita kando ya mto upande wa magharibi wa mji ilipoporomoka. Gari lililoiangusha lilikuwa limebeba lami ya kuikarabatia barabara hiyo hiyo. Baada ya 1975 fedha za ukarabati zilikatwa zaidi, kwani daraja halipigi kelele likinyimwa rangi. Aprili 1988 daraja la Williamsburg, lililofunguliwa mwaka 1903, lilikutwa limeliwa na kutu kiasi cha kufungwa kwa magari na treni kwa muda wa wiki kadhaa.

Mji ulijifunza, ingawa kwa bei ghali. Mwaka wa fedha wa 1981 ulifunga hesabu zilizolingana kwa kanuni za kweli za uhasibu, na mwaka huo huo ukaanza kukopesheka tena kwa muda mrefu. Utaratibu wa sasa ni huu: Januari Meya hutoa makadirio ya awali, mwishoni mwa Aprili hutoa bajeti kamili, na Baraza la Mji huipitisha kabla ya mwaka mpya kuanza. Kamati 59 za mitaa hupeleka maombi yao mapema, moja ikitaka mtaro, nyengine maktaba. Kila baada ya miaka miwili huandaliwa mpango wa maendeleo wa miaka 10. Kadhalika sheria ya mji inataka majengo na madaraja makubwa yaorodheshwe pamoja na hali yake na ratiba ya matunzo yake, ili anayekata fedha za rangi aonekane anakata nini.

Kwa masheha na wananchi wanaoalikwa kutoa maoni juu ya miradi, yapo maswali ambayo ni haki yao kuyauliza hadharani. Skuli ikijengwa, mishahara ya walimu wake imo katika fungu la kawaida la mwaka gani? Mtaro ukichimbwa, nani atauzibua, na kwa fedha zipi? Mradi wa zamani uliosimama umetengewa nini kabla ya kuanzishwa mpya? Swali hili la mwisho New York inalijua vyema. Mwaka 1972 ilianza kuchimba reli ya chini ya ardhi katika barabara ya Second Avenue, kazi ikasimamishwa mwaka 1975 kwa kukosa fedha, na mahandaki yakabaki gizani. Abiria wa kwanza walipanda treni huko tarehe 1 Januari 2017.