Methali za Bahari Katika Madarasa ya Unguja



Mwanafunzi akiulizwa maana ya "Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani", aghalabu hujibu pasi na kusita kwamba mtu hata akienda mbali, mwisho hurejea kwao. Jibu hilo hupata alama zote. Lakini mwanafunzi huyo huyo akiulizwa tezi ni kitu gani, hunyamaza. Na pengine mwalimu naye hutazama dirishani.

Tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo, ndiko uliko usukani. Omo ni sehemu ya mbele. Ngama ni tumboni mwa chombo, chini kabisa, ambamo maji yanayopenya mbaoni hukusanyika na hapana budi yafuliwe. Baharia hutembea atakako. Maji yakizidi, ataitwa ngamani. Kwa aliyepata kusafiri kwa jahazi, methali hiyo ina uzito ambao jibu la darasani halina: inataja kazi isiyo na fahari, ambayo isipofanywa chombo huzama. Mtoto wa leo avukaye kwenda Dar es Salaam kwa boti ya abiria hukaa kitini mpaka akafika. Ngama ataiona wapi?

"Vyaelea vimeundwa" nayo imepatwa na msiba huo. Hufundishwa kuwa ni sifa ya juhudi, na ni kweli. Lakini "vy-" hiyo ni ya vyombo, na kuunda ni kazi ya fundi wa Nungwi, alazaye mkuku, akasimamisha mataruma, akapigilia mbao, kisha akaziba kila upenyo kwa kalafati, yaani pamba iliyotiwa mafuta.

Ipo iliyosalimika. Huko Paje na Jambiani, wanawake wanaolima mwani, kilimo kilichoenea tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, hungoja bamvua, bahari ipwe mbali, ndipo wafunge mbegu kambani. Maji yakirudi, hutoka. Kwao "Maji yakijaa hupwa" ni saa ya kazi kwanza, hekima baadaye. Hawahitaji kufafanuliwa.

Shule za Mji Mkongwe haziko mbali na Malindi, yanakofunga majahazi. Asubuhi moja yatosha: mwanafunzi ashuke ngamani, alowe miguu, kisha aulizwe tena swali lile lile.