Kutoka Kiti cha Serikali Hadi Kiti cha Kampuni

Wiki hii napenda tuizungumzie safari ya mkubwa wa Serikali anayeacha kiti cha umma na kwenda kukalia kiti cha kampuni.

Wazee wetu hapa Singida watakumbuka kwamba zamani njia hiyo ilikuwa na kizuizi. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya watu binafsi, kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba. Kizuizi hicho kililegezwa Zanzibar, Februari 1991. Tangu hapo njia ni nyeupe.

Wala si kila aliyeipita ameharibu. Dk. Charles Kimei alikuwa mkurugenzi katika Benki Kuu, chombo kinachosimamia mabenki nchini. Mwaka 1998 akashika uongozi wa CRDB, benki iliyobinafsishwa 1996, ambayo hisa zake zilinunuliwa pia na vyama vya ushirika na wananchi wa kawaida. Mwaka 2009 hisa hizo ziliingia Soko la Hisa la Dar es Salaam. Alistaafu 2018 baada ya miaka 20, na 2020 akachaguliwa mbunge wa Vunjo. Ujuzi alioupata katika utumishi wa umma ulisaidia kukuza benki.

Sisi wa Singida tumeiona na safari ya kinyume. Mohammed Dewji alitoka katika biashara ya familia, akawa mbunge wa Singida Mjini kuanzia 2005 hadi 2015.

Basi taabu iko wapi? Tuchukue kitunguu chetu. Lumbesa imepigwa marufuku. Tuseme ofisa anayekagua magunia anaacha kazi Ijumaa, na Jumatatu ni meneja wa mnunuzi yule yule aliyekuwa akimkagua. Anajua ukaguzi unapangwaje. Anajua ampigie nani simu. Mkulima wa Mkalama hana namba hiyo. Tena tujiulize: miezi ile ya mwisho ofisini, alikuwa akimtumikia nani? Mshika mawili, moja humponyoka. Na linaloponyoka hapo ni la umma.

Ufaransa, ambako wakubwa wa Serikali kuhamia makampuni ni desturi ya siku nyingi, sheria ya jinai humkataza mtumishi kwa miaka 3 kuajiriwa na kampuni aliyokuwa akiisimamia. Hawamfungii riziki ya maisha. Wanamwambia angoje kwanza.

Sisi tunayo Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995, inayomtaka kiongozi atangaze mali na madeni yake. Ni jambo jema. Lakini orodha ya nyumba na magari haituambii kesho anakwenda kufanya kazi kwa nani.

Wapo watakaouliza: huyo mtu ale nini akingoja? Mimi nasema afundishe, alime alizeti, au aajiriwe popote pale ambapo jana hakuwa hakimu wao. Ujuzi wake ni mali yake, aende nao. Siri za ofisi na heshima ya cheo ni mali yetu sote, aziache mezani.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.