Mahali pa Kulala Mlimani



Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulidhani kuwa dogo, nalo ni kuchagua mahali pa kulala mtu apandapo mlima mrefu. Watu husifu kilele na mguu uliokikanyaga. Ni wachache waulizao mpandaji alilala wapi usiku wa kuamkia siku ile. Walakini sisi twasema ya kuwa kilele hupatikana au hukosekana tangu jana yake, hapo hema lipigwapo.

Ushahidi tunao katika mlima wetu wa Kilimanjaro. Mwaka 1887 Mdachi mmoja, Bwana Hans Meyer, alijaribu kuupanda akashindwa. Mwaka 1889 alirudi pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria. Safari hii alipanga kambi zake daraja kwa daraja, na chakula kikapandishwa kutoka chini, ili wakishindwa siku moja wasilazimike kushuka mpaka vijijini, bali wajaribu tena. Katika kambi ya juu alikaa nao Mwini Amani, mtu wa Pangani, ambaye alistahimili baridi ile siku nyingi.

Tarehe 3 Oktoba waliondoka usiku katika kambi yao, kiasi cha mita 4,300. Ilibidi wakate ngazi katika barafu kwa shoka, wakafika ukingo wa Kibo alasiri wamechoka. Kilele walikiona, lakini jua lilikuwa limekwenda; wakarudi. Je, walikosa moyo? Hapana, walikosa saa. Basi wakapumzika, na tarehe 5 wakahamia katika pango lililo juu zaidi, kiasi cha mita 4,650, wakalala humo. Kesho yake, tarehe 6 Oktoba, wakizifuata ngazi walizozikata mwanzo, walisimama juu ya kilele kabla ya adhuhuri. Ngazi ziliwafaa, na pango pia liliwafaa.

Huenda mtu akasema: Kama ndivyo, na tulale juu kabisa tangu siku ya kwanza. La, hasha! Juu ya kilele cha Uhuru, mita 5,895, hewa ni nyepesi mno, hata pumzi moja humpa mtu kiasi cha nusu tu ya ile aipatayo pwani. Mwili waweza kuizoea hali hii, lakini wataka siku, wala hausikii amri. Waganga wanashauri ya kuwa mtu akipita mita 3,000, mahali pa kulala leo pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila siku 3 au 4 alale tena pale pale alipolala. Mchana si kitu akipanda zaidi, mradi jioni ashuke kulala.

Katika njia ya Machame jambo hili huonekana wazi: wapandaji hufika kwenye Mnara wa Lava, kiasi cha mita 4,600, kisha hushuka kulala Baranko, chini ya mita 4,000. Katika njia ya Marangu vituo viko mbalimbali: Mandara kiasi cha mita 2,700, Horombo 3,700, na Kibo 4,700. Kila daraja ni mita 1,000. Kwa hiyo mwenye busara hulala Horombo usiku 2. Mwingine huukataa usiku ule kwa kuhesabu fedha zake. Naye mara nyingi hurudi bila kilele, au huteremshwa kwa machela.

Sharti tuzijue dalili. Kichwa kuuma, kichefuchefu na kukosa usingizi ni onyo: mtu wa namna hii asipande kulala juu zaidi mpaka apone. Akipepesuka kama mlevi, au akihema hali amekaa kitako, ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku wa manane. Kungoja asubuhi ni kumwua.

Sasa tutazame ardhi yenyewe. Ndani ya Hifadhi ya Kilimanjaro mtu hana ruhusa ya kupiga hema apendapo. Vituo vimekwisha wekwa. Uchaguzi uliobaki ni wa njia, wa hesabu ya siku, na wa mahali pa hema ndani ya kituo. Usilale katika korongo kavu, maana mvua ikinyesha juu, maji huja bila hodi. Usilale chini ya jabali lenye mawe yaliyolegea. Mwezi wa Januari 2006 mawe yaliporomoka upande wa magharibi wa Kibo, yakawaua Wamarekani watatu. Usilale shingoni mwa kilima penye upepo, wala katika shimo, kwa kuwa baridi ya usiku huteremka ikatuama kama maji. Tena uliza habari ya maji: Barafu na Kibo hayapo, sharti yachukuliwe kutoka chini. Wala usiingize jiko la moto ndani ya hema. Hewa yake haina harufu, nayo huua watu usingizini.

Neno jingine lawahusu vijana wetu wachukuao mizigo. Mgeni huchaguliwa mahali pakavu, na mpagazi je? Mwili wake ni nyama na damu kama wa mgeni, na ugonjwa wa mlima haumwogopi mwenyeji. Kiongozi asiyejua wapagazi wake watalala wapi, na kwa blanketi gani, bado hajachagua kambi. Wazazi na walimu, vijana wakija kuwaaga, waulizeni jambo hili kabla hawajatoka.

Mwisho, kumbukeni usiku wa pili. Wapandaji huondoka Kibo karibu na usiku wa manane, wafike juu alfajiri. Wakisharudi, wasivutwe na uchovu wakalala pale pale, bali washuke mpaka Horombo, kwenye hewa nzito zaidi. Wazee walisema: Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Basi anayetaka kusifiwa kwa kilele, na aanze kwa kuchagua vema mahali pa kulaza ubavu wake, na ubavu wa wale waliomchukulia mzigo.